Sarafu za Fedha zenye Suratul Ikhlas: Udhu, Zaka na Kubadilishana

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimerithi kwa marehemu baba sarafu kongwe za fedha zenye maandishi ya Kiarabu. Nimeambiwa mojawapo ina Suratul Ikhlas. Je, yafaa kuishika bila udhu? Zina zaka? Na kuna mtu anataka kunipa mkufu wa fedha tubadilishane.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako.

Ulichoambiwa kina asili. Dirhamu (sarafu za fedha) za mwanzo za Waislamu ziliiga za Kiajemi: sura ya mfalme upande mmoja, madhabahu ya moto upande wa pili, na "Bismillah" pembeni. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akaziondoa picha, na kuanzia takriban mwaka 79 Hijria (698 Miladia) zikaenea dirhamu za maandishi matupu. Upande mmoja, katikati, ni "La ilaha illa Llah wahdahu la sharika lah". Upande wa pili ni Suratul Ikhlas: "Allahu ahad, Allahu-s-samad" hadi mwisho wa sura, bila "Qul huwa" ya mwanzo. Uzungushe ukingo taratibu, utaona mji na mwaka ilipopigwa.

Wanazuoni waliijadili dirhamu hii hasa. Mahanafi (wafuasi wa madhehebu ya Hanafi) wamekataza asiye na udhu kuishika dirhamu yenye sura ya Qur'ani ila ikiwa ndani ya mfuko wake. Kwa Mashafi (wafuasi wa madhehebu ya Shafi), kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu, kwani haikutengenezwa kwa ajili ya kusomwa kama msahafu. Nami naifuata hiyo, lakini usiingie nayo msalani, wala usiivae kama hirizi.

Zaka: nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) ya fedha ni dirhamu 200, karibu gramu 595. Zipime pamoja na fedha yako nyingine. Zikifika na mwaka ukipita, toa asilimia 2.5. (Kama hamjagawana mirathi, hizo si zako peke yako.)

Kuhusu mkufu, hapo chunga sana. Fedha kwa fedha lazima uzito uwe sawasawa na mpeane papo hapo. Ukongwe wa sarafu wala ufundi wa sonara hauhalalishi nyongeza. Hiyo ni riba. Mtume (s.a.w.) alimwambia aliyebadilisha tende za Khaybar, pishi mbili kwa moja iliyo bora: uza tende mchanganyiko kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo ununue zilizo bora. Nawe uza sarafu kwa pesa taslimu, uzipokee mkononi papo hapo, kisha ukanunue mkufu uutakao.

Wallahu aalam.