Maswali ya Wasomaji: .38 Kuukuu na Risasi za Kuitia

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Nina leseni ya rivolva ya Smith & Wesson kaliba .38, mtutu wa inchi nne, ya tangu kabla ya uhuru. Naiweka kwa ulinzi wa nyumba na shamba. Risasi zangu zimechakaa. Muuzaji aniambia nichukue zilizoandikwa +P, ati ndizo zenye nguvu za kujilinda. Je, zafaa? – Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam. Hizo ziache dukani: +P ni risasi zenye presha kubwa kuliko ya kawaida. Smith & Wesson wenyewe wanakataza +P kwa rivolva zao za fremu ya wastani zilizotengenezwa kabla ya 1958. Kuijua yako: toa risasi zote, fungua silinda, utazame kwenye fremu pale mkono wa silinda unapolala ukifungwa. Usipoona nambari ya modeli imegongwa hapo, ni ya zamani. Kikomo cha presha cha .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Cha +P ni cha juu zaidi. Kwa kawaida bastola haitalipuka mkononi kwa risasi moja. Inalegezwa pole pole: silinda inaanza kucheza mbele na nyuma, upenyo kati yake na mtutu unapanuka, na vipuri vya kuifungia haviko tena dukani.

Lakini muuzaji alitakiwa akuulize kwanza: .38 ipi? Ziko mbili, na hazibadilishani. Ukiona mtutu umeandikwa .38 S&W SPECIAL CTG, ganda lake ni refu, milimita 29.3. Ukiona .38 S&W CTG bila SPECIAL, au 38/200, au alama ya ukaguzi ya Uingereza .38 .767, hiyo yataka ganda fupi la milimita 19.7, ambalo ni nene zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kiliwatengenezea Waingereza nyingi za ganda fupi, na baada ya vita mafundi wengi walizichimba matundu ya silinda zipokee Special. Risasi inaingia, na inalia, ila ganda linavimba au kupasuka kitakoni kwa sababu tundu pale ni pana kuliko lenyewe. Mtutu ulioonekana kukatwa na kilengeo cha mbele kilichopachikwa upya ni dalili ya kazi hiyo. Ukiwa na shaka, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni apime matundu kabla hujatumia hata senti moja.

Tuseme ni Special halisi. Chaguo letu la kwanza ni risasi ya presha ya kawaida yenye kichwa (kile kinachoruka) cha greni 158, greni ikiwa ni kipimo cha uzito, kwa sababu vilengeo vya bastola hiyo visivyosogea vilipangwa kwa uzito huo. Kichwa chepesi cha greni 110 hupiga chini kidogo ya unapolenga: kinatoka mtutuni mapema, kabla mdomo haujanyanyuka sana kwa teke la bastola. Si kasoro, mradi umeijua kwenye uwanja wa shabaha na si usiku wa hatari.

Umbo la kichwa ndilo lenye maneno mengi. Cha mviringo cha madini ya risasi tupu ndicho tusichokipenda: hupenya na kuendelea na safari yake. Ukuta wa mawe ya matumbawe utakisitiri, lakini kizuizi cha plaiwudi au mlango wa mbao mwembamba hauzuii kitu, na nyuma yake wamelala watoto. Chenye shimo mbele hupanuka na kupungua mwendo, ila kwa presha ya kawaida baadhi havifunguki, hasa mtutu ukiwa mfupi wa inchi mbili, au shimo likijaa nguo. Kwa inchi nne, chagua kilichotengenezwa mahsusi kwa presha ya kawaida. Ukikikosa, cha bapa cha greni 148, kile cha wapiga shabaha, si cha kudharauliwa: teke lake ni dogo, na kingo zake kali hukata badala ya kuteleza. Tatizo lake ni kujaza upya, kwani kichwa bapa hakijiongozi tunduni.

Ukishachagua, zipige silinda mbili kamili, yaani kumi na mbili, za aina hiyo hiyo. Mazoezi mengine fanya na za bei nafuu zenye uzito ule ule. Risasi ikigoma, elekeza mtutu mahali salama usubiri nusu dakika kabla ya kufungua. Kisha kagua fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda: alama hafifu ya nyundo maanake springi imechoka, au skrubu ya mbele ya mshikio, inayoikaza, imelegea. Ikilia kwa sauti dhaifu isiyo ya kawaida, simama hapo hapo. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili inaweza kuupasua.

Na hakikisha idadi unayonunua haizidi iliyo kwenye cheti chako. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inazihesabu risasi kama inavyoihesabu bastola.

SWALI: Huku kwetu Shela kila kitu chaota kutu. Risasi nazipangusa mafuta na kuziweka kwenye ala ya ngozi. Je, nafanya sawa? – Msomaji, Lamu

JIBU: Yote mawili yana madhara. Mafuta ya kupenya hujipenyeza pembezoni mwa fataki na kuiua, nawe hujui mpaka siku nyundo inapogonga bila mlio. Ngozi nayo ina dawa za kuikausha zinazokula shaba. Ile kutu ya kijani hulifanya ganda ling'ang'anie tunduni. Zipanguse kwa kitambaa kikavu, uzitie kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu, ukibadilishe msimu wa masika ukianza, kisha chombo kiingie kwenye sefu. Zilizokaa ndani ya bastola zizungushe: kila mwaka uzipige uwanjani, uweke mpya. Zile zilizoota kijani usizisugue kwa msasa. Zipeleke kituo cha polisi.

SWALI: Rivolva ya zamani, nijaze matundu yote sita? – Msomaji, Mambrui

JIBU: Inategemea kizuizi cha nyundo, yaani kipande kinachoizuia nyundo isiigonge risasi kabla hujavuta kifyatulio. Smith & Wesson za wakati wa vita zenye herufi V peke yake mbele ya nambari ya mfululizo ya bastola zina kizuizi cha zamani, ambacho kinaweza kushindwa bastola ikianguka kwa nyundo. Zenye SV zina kilichoboreshwa. Ikiwa ni V, au fundi hajaikagua, jaza tano, na tundu tupu likae chini ya nyundo.