Kaka haamini, lakini ndiye anayemuuguza mama: je, maadili yanahitaji dini?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Kaka yangu ameacha swala na anasema waziwazi kwamba haamini tena. Lakini mama alipopooza, ni yeye aliyejitwika mzigo. Usiku anamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na saa za dawa ameziandika ukutani. Kaka zangu wawili wanaoswali safu ya mbele huja, husalimia, huondoka. Ijumaa khatibu alisema asiye na dini hana maadili, na wema wake ni riya tu. Kaka naye ananiuliza dini inaongeza nini, nakosa jibu. Je, maadili yanahitaji dini? Na imani yangu imeharibika kwa kuuliza haya?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Dada yangu, naanza na la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia wanapata nafsini mwao mambo ambayo hata kuyatamka ni mazito. Akawauliza kama kweli wameyapata. Wakasema ndiyo. Akasema: "Hiyo ndiyo imani ya wazi." Ameipokea Muslim. Moyo uliokwisha kuacha imani hauumii kwa swali kama lako.

Ama maneno ya khatibu, hayakubaliki. Riya ni kutenda ili uonekane. Mtu anayemgeuza mgonjwa saa nane za usiku, mlango umefungwa na nyumba nzima imelala, anamwonyesha nani? Kudai kujua nia ya mtu kama huyo ni kujitwalia elimu ya ghaibu.

Qur'ani yenyewe inamkanusha. Wema umeitwa maarufu, yaani kinachojulikana, na uovu umeitwa munkari, kinachokataliwa. Katika Al-Aaraf, aya ya 28, washirikina walifanya uchafu wakadai Mungu ndiye aliyewaamuru, wakajibiwa: "Hakika Mwenyezi Mungu haamrishi machafu." Mwanachuoni Ibn al-Qayyim alisimama hapa na hoja nzito: kama uchafu hauna maana yoyote ila kile kilichokatazwa, basi aya ingekuwa inasema Mungu haamrishi asichokiamrisha, na hayo ni maneno yasiyo na faida. Walioambiwa hawakuwa waumini. Waliambiwa kwa kipimo walichokuwa nacho tayari vifuani.

Pengine khatibu aliwahi kusoma kwamba kwa Ashaariya, moja ya madhehebu ya itikadi ya Kisunni, uzuri na ubaya hujulikana kwa sheria, akaelewa nusu. Wanavyuoni hao wameigawa maana ya uzuri na ubaya mara tatu. Kuna uzuri wa ukamilifu, kama elimu kuwa bora kuliko ujinga. Kuna uzuri wa kufaa na kudhuru. Hizi mbili akili inazijua, na hawakuzipinga. Waliyozozana na Muutazila, kundi lililoipa akili uzito zaidi, ni ya tatu: kustahiki thawabu au adhabu Akhera. Maturidi wengi, madhehebu nyingine ya Kisunni, wakasema akili huujua hata wema na ubaya wa baadhi ya matendo kabla ya sheria. Hakuna kundi katika haya lililosema kafiri hawezi kusema kweli au kurudisha amana.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali. Kabla ya utume, mfanyabiashara wa Zabid, Yemen, aliuza bidhaa zake Makka, na mnunuzi, mmoja wa wakubwa wa mji, akakataa kulipa. Akapanda mlima Abu Qubays akapiga ukelele. Baadhi ya Maquraishi wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kusimama na mdhulumiwa hadi apate haki yake. Mtume alikuwapo akiwa kijana, na baada ya utume akasema lau angeitwa kwenye kiapo kile katika Uislamu, angeitika. Wale walikuwa waabudu masanamu, na wema wao akauita wema.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana kaka yako naye hajapatia. Bi Aisha alimuuliza Mtume kuhusu mtu huyohuyo, Ibn Jud'an mwenye nyumba: aliunga udugu, alilisha maskini, je yatamfaa? Akasema hapana, kwa kuwa hakusema hata siku moja, "Mola wangu, nisamehe makosa yangu Siku ya Malipo." Nyumba ni moja, hukumu ni mbili. Kitendo kilisifiwa, na mwenyewe hakuwa na uhusiano na Yule anayelipa. Watu huchanganya haya mawili, ndipo mmoja akakana wema ulio mbele ya macho yake, na mwingine akadhani wema huo umemtosheleza.

Kaka akikuuliza dini inaongeza nini, mrudishie swali. Kwa nini humwachi mama? Atasema, kwa sababu ni mama. Hilo ni jibu la fitra, yaani maumbile mtu anayozaliwa nayo, na ni zuri. Lakini mama mwingine aliyemtelekeza mwanawe, anayemtukana hata leo, nani anambana mtoto amuuguze mapenzi yakiwa yamekwisha? Luqman, aya ya 15, inataja wazazi wanaomsukuma mtoto kwenye shirki, ikamwambia asiwatii, kisha ikaongeza: "na kaa nao duniani kwa wema." Amri hiyo haikungoja hisia. Fitra peke yake huona kipande: Waarabu wa zama hizohizo za kiapo kile, wapo waliowazika mabinti zao hai wasione aibu. Mfalsafa Kant wa Ujerumani alijenga wajibu juu ya akili, lakini hata yeye, mwaka 1788, alisema akili hiyo inalazimika kumtarajia Mungu na uhai wa baadaye, kwa kuwa hapa duniani wema na furaha havikutani daima.

Usimwambie haya akiwa amechoka kwa kukesha. Kwa sasa pokea anachompa mama, mshukuru kwa jina lake mbele ya ndugu, na usiugeuze ugonjwa wa mama kuwa uwanja wa mdahalo. Muombee. Sahaba Hakim bin Hizam aliacha huru watumwa 100 katika ujahili, yaani kabla ya kusilimu, akauliza kama atapata chochote kwa hayo. Mtume akamwambia: "Umesilimu pamoja na kheri uliyotanguliza." Mlango huo kwa Ibn Jud'an umefungwa, kwa kaka yako bado uko wazi.

Kazi yako kubwa iko kwa wale wawili wa safu ya mbele. Mtume alimwita muflisi mtu anayekuja Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini amewatukana na kuwadhulumu watu hadi mema yake yakagawiwa kwao. Kumtunza mzazi asiyejiweza ni faradhi kwa kila mtoto mwenye uwezo, na salamu za Ijumaa haziitoi shingoni. Waketisheni wote watatu, gawaneni usiku wa juma, kila mmoja na wake, na gharama za dawa mzigawe kwa uwezo. Aliyekuwa safarini alipe wa kumshikia zamu. Jina la kila mmoja liandikwe palepale ukutani zilipoandikwa saa za dawa.

Wallahu aalam.