Shakwe wa Januari, Kigoma

Dada, umeuliza kama Januari hapa Kigoma kuna shakwe wa kutazama. Wapo! Nenda kwenye mialo ya wavuvi ya Kibirizi au Katonga alfajiri, mitumbwi inaporudi na akina mama wanaanza kuanika dagaa. Shakwe huzengea mabaki palepale. Wengi ni wenye kichwa cha kijivu, wa hukuhuku. Ukiona mkubwa mwenye mgongo mweusi na miguu ya njano, huyo amekimbia baridi ya kaskazini, mtazame vizuri sana. Usiende siku za mbalamwezi: wavuvi wanaovua usiku kwa taa hawatoki, dagaa hakuna, na ndege ni wachache. Raha nyingine ya ziwa letu, Tanganyika: sisi tuko ufuo wa mashariki, asubuhi ukitazama ziwani jua linakuwa mgongoni mwako, kwa hiyo manyoya yanaonekana wazi kabisa. Beba darubini.