Barua kwa mwanangu: aliyeacha meli akapanda mlima

Mwanangu,

Salamu kutoka Likoni. Sote wazima, alhamdulillahi, na babako akusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na babako. Wauliza, baada ya kutazama ile filamu ya Kihindi ya Kapteni Vikram Batra: mtu ameshapata kazi ya meli, anaiachaje akaenda kufia mlimani? Na mimi ningekuwa mamake, ningemwachilia? Najua swali hilo limebeba jingine. Vyeti vya ubaharia unavyo tayari, na tangu jeshi letu la Kenya, KDF, litangaze kuandikisha makurutu huna raha. Basi nitakujibu yote mawili, lakini filamu tuiweke kando kwanza. Filamu haimpi mtazamaji baridi wala pumzi fupi, na vita vile vilikuwa hayo hasa.

Batra alizaliwa Septemba 1974 na kukulia Palampur, mji mdogo ulio chini ya milima ya Himalaya. Babake alikuwa mwalimu mkuu, mamake mwalimu, na mwenyewe alikuwa pacha. La meli ni kweli: alikuwa amekubaliwa na kampuni ya Hong Kong, kazi ambayo vijana wetu hapa Mombasa huisubiri miaka. Akaiacha. Alimwambia mamake kwamba pesa si kila kitu, na kwamba ana jambo la kuifanyia nchi yake. Mwaka 1996 akaingia chuo cha kijeshi cha Dehradun, na Desemba 1997 akatoka luteni katika kikosi cha 13 cha Jammu and Kashmir Rifles. Tazama miaka hiyo vizuri. Alipokuwa akichagua, vita vya Kargil, vile vya India na Pakistani huko Kashmir, havikuwepo, wala hakuna aliyevijua. Alichagua kazi ambayo siku moja ingeweza kuidai roho yake, akaikubali hivyo ilivyo.

Siku hiyo ilikuja 1999. Ilikuwa desturi majeshi ya pande zote mbili kushuka kutoka vituo vya juu wakati wa theluji. Majira yale askari wa Pakistani wakapanda, wakavikalia vilele vya upande wa India vinavyoitazama barabara ya kutoka Srinagar kwenda Leh, njia ya chakula na silaha za jeshi lililoko kaskazini. Mei India ikagundua. Serikali yake ikaamuru wanajeshi wasiuvuke mstari unaoigawa Kashmir, na amri hiyo ikawafungia njia za kumzunguka adui kwa nyuma. Ikabidi wampandie usoni.

Hapo ndipo nataka utulie, kwa sababu wewe umezaliwa usawa wa bahari. Vilele vile vingi havina hata jina, huitwa kwa urefu wake wa mita. Batra na kombania yake ya askari waliteka kilele cha 5140 alfajiri ya tarehe 20 Juni. Hiyo imeipita Point Lenana ya Mlima Kenya, yenye mita 4,985. Huko kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayovuta ukiwa hapa kwenye feri ya Likoni. Hakuna mti wa kujificha, ni mawe matupu, na aliye juu anaona kila kitu. Kwa hiyo hupandwa usiku, bila taa, bila maneno, mikono ikishika jabali lililoganda, na mgongoni risasi zina nafasi kuliko chakula. Kukicha ungali kwenye mteremko, umekuwa shabaha. Na mtu akijeruhiwa, kumteremsha kwataka watu kadhaa na saa nyingi, wote wakionekana na wenye rashasha.

Nakueleza la majeruhi kwa sababu ndilo lililomchukua. Baada ya 5140 alipandishwa cheo kuwa kapteni, kisha wakatumwa kilele cha 4875. Yasemekana alikuwa na homa, naye akaomba aende. Tarehe 7 Julai, wenzake husimulia, kuna askari aliyelala ameumia mahali pa wazi, na afisa wa chini yake akataka kutoka kumchukua. Batra akamrudisha nyuma: wewe una watoto, kaa. Akatoka mwenyewe, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 24, umri wako. Kilele kile kikatekwa, na leo huitwa kwa jina lake.

India ilimpa Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya vita. Lakini kikosi hichohicho, kwenye mlima huohuo, kilimtoa Sanjay Kumar aliyepata nishani hiyohiyo na akarudi hai. Nakuambia hili ili mtu asikudanganye kwamba ushujaa lazima uishie jenezani. Na upande wa pili, siku mbili kabla ya Batra, aliuawa Kapteni Karnal Sher Khan wa Pakistani kwenye kilele cha Tiger Hill. Ni kamanda wa India, adui yake, aliyeandika barua ya kushuhudia alivyopigana, na Pakistani ikampa Nishan-e-Haider, nishani yake ya juu kabisa ya vita. Mimi siwezi kumlilia mmoja nikamwacha mwenzake.

Sasa jibu langu. Ningemwachilia, mwanangu. Kwa machozi, lakini ningemwachilia, kwa sababu ya yale maneno kwa mwenye watoto. Mtu anayefikiri hivyo risasi zikilia alilelewa akifikiri hivyo tangu nyumbani, na mama hawezi kumfundisha mtoto kubeba wenzake kisha amzuie siku anapotaka kuwabeba. Mamake Batra alifariki Februari 2024. Karibu miaka 25 aliishi bila yeye. Hapa kwetu pia, tangu majeshi yetu yavuke kuingia Somalia Oktoba 2011, na hasa baada ya kambi yetu ya El Adde kushambuliwa Januari 2016, wako wazazi wanaoishi hivyo. Uyajue haya kabla hujapiga foleni.

Ikiwa kinachokuvuta ni sare, au umechoka kungoja meli, sitakubariki uende, na nitakuambia hivyo mbele ya babako. Ikiwa ni lile lililomtoa Batra nyuma ya jiwe, radhi zangu unazo.

Njoo nyumbani kabla ya siku ya kuandikisha. Babako ana maswali yake, na anataka kuyauliza akikutazama. Lete na vyeti vyako vya ubaharia nikuwekee kabatini, uende jeshini au usiende, bado vitakufaa.

Mamako