Ukienda Kerala, Panda Boti ya Abiria

Dada mmoja wa Mtwapa ameniandikia. Anampeleka mamake Kochi, jimbo la Kerala kule India, kwa matibabu na ameshatajiwa bei ya boti ya kulala katika mji wa Alappuzha, huko huko Kerala. Anauliza kama inafaa. Dadangu, bei hiyo ndiyo ile ile niliyopigwa mimi.

Nilikwenda kumuuguza shangazi. Alipopata nafuu, wakala aliyetupokea akanipangia "kusafiri usiku kucha majini". Asilolisema ni kwamba magharibi ikikaribia boti hizo hufungwa, ziwa la Vembanad waachiwe wavuvi na nyavu zao. Nikalala nimefungwa ufukweni, jenereta inanguruma, mbu wanajipakulia. Mpaka leo nikilikumbuka lile tabasamu lake roho hunichemka.

Chombo chenyewe sikitii ila. Boti hiyo ya kulala huitwa kettuvallam, na asili yake ni mashua ya kubebea mpunga, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za usumba bila msumari, kama mtepe wa Lamu. Nilipitisha kidole kwenye mshono nikaona haya: sisi mitepe yetu tunaitazama makumbusho, wenzetu wameigeuza riziki. Tunapenda kusifia ya mababu bila kuyashika mkononi!

Utamu niliupata kesho yake. Nenda stendi ya boti Alappuzha, panda ya serikali iendayo Kottayam. Nauli haifiki bei ya soda, safari yapata saa mbili na nusu. Kaa ubavuni. Watu wanashukia vigatini mbele ya milango yao, wanafunzi wanaruka kabla boti haijasimama. Ukifika Kuttanad utaona mashamba ya mpunga yaliyo chini kuliko maji; mkulima yuko kule bondeni, wewe unampita juu, tuta tu limewatenga.

Mvua kubwa huanza mwanzoni mwa Juni. Ukipata Onam, sikukuu yao ya mavuno, Agosti au Septemba, kula sadya, mlo wao wa sherehe, kwenye jani la mgomba, kwa mkono wa kulia kama kwetu. Fort Kochi usikose kanisa la St. Francis: yule mwenye nguzo ya Malindi, Vasco da Gama, alizikwa hapo kwanza, 1524.

Ukiitaka boti ya kulala hata hivyo, wakala akuandikie itafungwa wapi na saa ngapi. Akisita, wewe mchukue mama mwende stendi.