Kompyuta ya mbali inakataa: fundi anajibu

Barua za safari hii karibu zote zinaanza na kilio kimoja: "Fundi, Remote Desktop inakataa." Hiyo ni huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta iliyo mbali kupitia mtandao. Sawa, inakataaje? Kuna kukataa kwa kukaa kimya, kuna kukataa kwa kukuomba neno la siri kisha kulitupa, na kuna kukataa baada ya kukukaribisha ndani. Kimya maana yake hujafika mlangoni. Ukishaombwa neno la siri, ujue njia ni nzima, kwa hiyo ruta iache ilivyo. Nimeyapanga majibu kwa kufuata safari hiyo, toka njiani hadi ndani.

Jana niliunganika bila shida. Leo inazunguka weee, halafu inaniambia kompyuta ya mbali haipatikani. Sijabadilisha kitu.

Wewe hujabadilisha, lakini huenda ruta imebadilisha. Anwani za IP za mtandao wa ndani, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa, ruta huzigawa kwa muda tu. Kompyuta ikizimwa, ikirudi yaweza kupewa nyingine. Unakuta jana ilikuwa 192.168.1.20, leo ni 192.168.1.34, na ile 20 amepewa printa. Wewe unampigia hodi printa, naye hana la kukujibu.

Nenda kwenye kompyuta yenyewe, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, usome mstari wa IPv4. Ukikuta anwani imehama, ingia kwenye ruta uifungie kompyuta hiyo anwani moja ya kudumu. Mkiwa mtandao mmoja, unaweza pia kuita kwa jina la kompyuta badala ya namba.

Anwani ni ile ile? Basi uliza kama mashine iko macho. Skrini kuzimika si tatizo, tatizo ni kompyuta yenyewe kulala, kwa sababu ikilala haisikii mtu. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikipekua faiwoli (kinga inayochuja miunganisho ya mtandao) ya kompyuta ya watu, nikifuta kanuni na kuziandika upya, kumbe mashine imelala fofofo chini ya meza, kitaa chake kinawaka na kufifia polepole kama kinanicheka. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwenye simu ni "hebu nitazamie kitaa." Kwa mashine inayoitwa kutoka mbali, zima kabisa kulala kwenye mipangilio ya umeme.

Ikiwa iko macho na bado kimya, ipime poti, yaani mlango wenye namba ambao Remote Desktop husikilizia; kwa kawaida ni 3389. Kwenye PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) ya kompyuta uliyokaa mbele yake, si ile ya mbali, andika Test-NetConnection 192.168.1.34 -Port 3389, ukiweka anwani ya kompyuta yako ya mbali. Mstari wa mwisho, TcpTestSucceeded, ukisema True, mlango umefikika. Ukisema False, ama Remote Desktop haijawashwa upande wa pili, ama faiwoli imeziba, na kama kuna antivirus yenye faiwoli yake, nayo ina usemi. Ping, ile amri ya kuuliza kama mashine ipo, isikudanganye: mashine nyingi hunyamazia ping huku poti 3389 iko wazi.

Nimenunua laptop mpya. Nimetafuta mahali pa kuruhusu Remote Desktop nimechoka. Iko wapi?

Haipo. Nahisi una Windows Home. Toleo hilo linaweza kupiga hodi kwa wengine, lakini lenyewe haliwezi kupokea mgeni. Wanaopokea ni Pro, Enterprise na Education. Ama upandishe toleo liwe Pro, ama utumie programu nyingine kama RustDesk, AnyDesk au Chrome Remote Desktop. Vile viraka vinavyodai kuifungulia Home mlango wa siri, achana navyo. Sasisho likija vinavunjika, na hujui aliyeviunda alitia nini humo.

Inaniomba neno la siri. Naandika lile lile ninaloingilia kila siku, inasema si sahihi. Nitapata kichaa.

Pole, na polepole. Hilo unaloingilia kila siku ni neno la siri kweli, au ni namba nne za PIN? Hapa ndipo wengi wanaponasa. PIN ni ya kifaa kile kile ulichokizoea, haisafiri mtandaoni. Remote Desktop inataka neno la siri la akaunti.

Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji liandike hivi: MicrosoftAccount\ kisha baruapepe yako yote, bila nafasi katikati. Na kama tangu ununue mashine umetumia PIN au uso tu, inawezekana kompyuta haijawahi kulionja neno lako la siri. Kaa mbele yake, toka kwenye akaunti, ingia mara moja kwa neno la siri, kisha jaribu tena ukiwa mbali.

Wapo pia wasioweka neno la siri kabisa. Windows kwa kawaida haimruhusu mtu wa namna hiyo kuingia kupitia mtandao, hata kama mezani anaingia kwa kubonyeza Enter tu. Weka neno la siri, mambo yataisha.

Ukipokea ujumbe tofauti, kwamba akaunti yako haina ruhusa ya kuingia kwa mbali, hapo neno la siri limekubaliwa, kilichokosekana ni ruhusa. Mwenye mamlaka ya usimamizi kwenye mashine ile akuongeze kwenye kundi la Remote Desktop Users. Wasimamizi wenyewe hawahitaji kuongezwa.

Ofisini inakubali, nikiwa nje ya ofisi inakataa. Kijana mmoja kanishauri nifungue poti 3389 kwenye ruta.

Kijana huyo anakutakia mema, ila ushauri wake ni mbaya. Poti 3389 ikiwa wazi kwa intaneti nzima, roboti huipata upesi, na zikishaipata zinakaa zikibahatisha maneno ya siri usiku na mchana. Kubadilisha namba ya poti kunapunguza kelele tu, mlango bado uko barabarani. Na si maneno ya siri pekee: Mei 2019 lilitangazwa tundu lililopewa jina BlueKeep, lililomwezesha mtu kuingia kwenye Windows za zamani kupitia Remote Desktop bila neno la siri lolote. Lilikuwa baya kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata cha Windows XP, ambayo msaada wake ulikuwa umekoma tangu 2014.

Njia ya kistaarabu ni VPN. Unajiunga kwanza na mtandao wa ofisi kupitia VPN, kisha unaita kompyuta kwa anwani ile ile ya ndani kana kwamba umeketi pale pale. WireGuard inafanya kazi hiyo vizuri, na ukiona usanidi wake mzito, Tailscale imejengwa juu yake na ni rahisi zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo kijana hakukuambia. Fungua ruta, tazama anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikianza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, kampuni ya mtandao imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hapo ungefungua poti hata mia, hodi ya kutoka nje isingekufikia. Nimeona watu wakibadilisha ruta mbili tatu kwa ajili ya hili. Tailscale kwa kawaida hupenya, kwa sababu pande zote mbili ndizo zinazoanza safari kwenda nje.

Naingia vizuri, lakini napata skrini nyeusi tupu na mshale wa mausi.

Bonyeza Ctrl+Alt+End. Hiyo ndiyo Ctrl+Alt+Del ya kompyuta ya mbali. Ukibonyeza ile ya kawaida, inaitikia ya kwako. Fungua Task Manager, anzisha kazi mpya, andika explorer.exe. Mara nyingi meza ya Windows (desktop) inarudi hapo hapo. Isiporudi, toka kabisa kwenye akaunti kupitia menyu hiyo hiyo, kisha ingia upya. Kufunga dirisha tu hakusaidii, maana kikao kilekile kibovu kinabaki kinakusubiri.

Kama picha inakuja halafu inaganda, hasa ukiwa kwenye VPN, mshuku UDP. Remote Desktop ya siku hizi hutumia TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data, kwa pamoja, na VPN nyingine hudondosha pakiti za UDP njiani. Kwenye sera za Windows upande wako kuna kipengele cha kuzima UDP kwa mteja. Kijaribu kabla hujalaumu intaneti.

Nikiingia kwa mbali, mwenzangu aliyekaa kwenye kompyuta ile anafungiwa skrini. Tunagombana kila siku.

Msigombane. Windows ya kawaida inahudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mkitaka kuitazama skrini moja wote wawili, tumieni Quick Assist, programu ya Windows ya kusaidiana kwa mbali. Mkitaka kila mtu afanye kazi yake, hapo mnahitaji Windows Server na leseni zake.

Kunakili na kubandika kati ya kompyuta mbili kumekufa ghafla.

Kwenye kompyuta ya mbali fungua Task Manager, tafuta rdpclip.exe, programu inayobeba unachonakili kati ya kompyuta mbili, iue, kisha ianzishe tena kwa jina hilo hilo. Ikiwa kilichogoma ni faili moja kubwa, angalia ukubwa wake: faili linalozidi GB 2 halipiti kwa kunakili na kubandika. Shiriki diski yako kwenye mipangilio ya muunganisho kabla ya kupiga hodi, ulihamishe kupitia humo.