Kwa mafundi wapya mnaokuja kushika kuta za kale za Kilwa

Ukipata kibarua cha kukarabati magofu ya pwani, usije na mfuko wa simenti. Naanza na hilo maana nimeona kuta nyingi zikiharibiwa na watu wenye nia njema. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman pale Kilwa Kisiwani, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na boriti za mikoko. Mpaka leo kuta zake zingine zimesimama.

Jifunze kwanza kutofautisha mawe. Sehemu kubwa ya ukuta ni jiwe gumu lililochimbwa nchi kavu, matumbawe ya zamani sana yaliyokwisha kuwa mwamba. Halichongeki vizuri, kwa hiyo wazee walilipanga lilivyo na kuzibia nafasi kwa chokaa nyingi. Jiwe la pili lilitolewa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji hukatika kirahisi, likikauka hukaza. Ukiona kingo za mlango zimenyooka au mihirabu imechongwa nakshi, ni jiwe hilo. Usilisugue kwa brashi ya waya hata kidogo. Na msiende kuvunja matumbawe hai ili kupata jingine. Okoteni vipande vilivyoanguka hapo hapo, vinatosha kwa mengi.

Sasa simenti. Ukuta wa pwani hunyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo una chumvi. Kwenye chokaa maji hupita na kutoka taratibu. Ukiziba viungo kwa simenti, maji hulazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inagandia ndani ya matundu yake, na jiwe linapukutika. Tazama kwa karibu ukuta uliozibwa hivyo zamani: mistari ya simenti imebaki imetokeza kama mbavu, na kati yake mawe yameliwa yakarudi ndani. Ukipitisha kidole, unga unadondoka.

Chokaa inataka subira. Hukaza kwa kuvuta hewa, kidogo kidogo, kwa hiyo jua kali ni adui yake. Funika kazi yako kwa magunia yaliyoloweshwa, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi tayari. Na ukimwagia maji chokaa iliyotoka tanuuni, vaa miwani. Inachemka na kuruka, na jicho likiungua ni balaa.

Vyumba vya kale utaviona vyembamba, mara nyingi visizidi mita 3 hivi, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti. Basi kabla ya kuziba tundu lolote juu ukutani, tazama majirani zake. Yakiwa yamejipanga kwenye mstari mmoja, humo ndimo zilimokaa boriti za dari. Yaache wazi, umwite mtu wa mambo ya kale ayapime na kuyapiga picha kwanza.